Tisini na Mbili Ni Nusu ya Tisini na Tisa

Kuna hesabu moja ambayo kila mchezaji wa Old School RuneScape anaijua kwa kichwa, hata yule ambaye hesabu za shule zilimtoa jasho: 92 ni nusu ya 99. Kila ujuzi kwenye gemu hii, uwe wa kukata miti, kuvua samaki, kupika au kupigana, una ngazi kuanzia 1 hadi 99. Kufika 99 unahitaji pointi 13,034,431. Ukifika 92 unakuwa na pointi 6,517,253. Yaani umekata miti wiki kwa wiki, umeona ngazi zikipanda moja baada ya nyingine, unahesabu kwamba zimebaki saba tu, kumbe ndo kwanza uko katikati ya safari.

Mpwa wangu alipoambiwa hivyo aliweka simu chini. "Anko, hivi ni nani alikaa akaamua mambo haya?"

Swali lake lina majibu mawili. La kwanza ni jepesi: gemu ilianzishwa na Mwingereza mmoja, Andrew Gower, akisaidiwa na ndugu yake Paul, ikatoka Januari 2001, na hesabu hizo za ngazi zimetoka enzi hizo. La pili ndilo lililonifanya nikae kuandika. Wanaoamua kwamba mambo yaendelee kuwa hivyo ni wachezaji wenyewe. Gemu hii ina kura.

Ili uielewe kura yetu inabidi urudi nyuma kidogo. Desemba 2007 kampuni ya Jagex ya kule Cambridge iliondoa mapigano huru kwenye eneo la nyika, ambako mchezaji aliweza kumuua mwenzake na kuchukua alichobeba. Januari 2008 ikabana pia biashara kati ya mchezaji na mchezaji. Sababu ilikuwepo. Kulikuwa na watu wakiuza sarafu za gemu kwa pesa halisi, na sehemu ya pesa hizo ilipita kwenye kadi za benki zilizoibwa. Lakini dawa iliwachoma na wasioumwa. Mambo yale mawili yalirudishwa Februari 2011 baada ya kura iliyopigwa zaidi ya mara milioni 1.2, asilimia 91 wakisema ndiyo. Halafu Novemba 2012 mfumo wote wa mapigano ukabadilishwa. Ule wa kubofya adui na kusubiri mtu wako apige ukawa wa vitufe vingi na mbinu nyingi, na wengi wakafunga virago. Februari 2013 kampuni ikafukua nakala ya gemu ya Agosti 2007 iliyokuwa imehifadhiwa, ikauliza nani anaitaka, watu karibu 450,000 wakajibu, na gemu ya zamani ikafunguliwa pembeni ya ile mpya.

Ndiyo hii tunayocheza hadi leo. Kwa kuwa ilizaliwa na hasira ya watu waliobadilishiwa kitu chao, iliwekewa sharti: jambo jipya la maana likitaka kuingia, liulizwe kwanza kwa wachezaji na lipate asilimia 75. Robo tatu, bwana. Bunge letu linaweza kubadilisha Katiba kwa theluthi mbili, sisi tulidai robo tatu ili kuongeza panga jipya.

Sasa fikiria maana ya robo tatu. Maana yake ni kwamba mtu mmoja kati ya wanne, akipata na kamwenzake kadogo tu, anaweza kusimamisha kila kitu. Na huyo mmoja kati ya wanne mara nyingi ni nani? Ni yule aliyekwisha kupanda. Ana 99 zake, ana koti lake la mgongoni la kuonyesha kwamba anazo, na kila pendekezo la kulainisha njia linapita mbele yake kama mtu anayetaka kumshushia thamani nyumba aliyojenga.

Kwenye kundi letu, ambalo ni Watanzania saba, Wakenya wachache na Mganda mmoja asiyelala, tuna mtu wa namna hiyo. Tunamwita Mzee ingawa hajafika arobaini na tano. Alianza 2005. Fahari yake ni ujuzi wa Runecraft, ule wa kutengeneza vijiwe vya uchawi, ambao kwa miaka mingi ulikuwa adhabu: unachukua mawe benki, unakimbia madhabahuni, unabofya mara moja, unarudi benki. Unakimbia tena. Hakuna adui, hakuna cha kushangaa njiani. Mzee alifika 99 kwa njia hiyo. Halafu Machi 2022 ukaletwa mchezo mdogo unaoitwa Guardians of the Rift, ambamo watu wanafanya kazi hiyohiyo pamoja, wakilinda lango, kuna pilikapilika na zawadi mwishoni. Ghafla Runecraft ikawa kitu cha kufurahisha. Mzee alinuna miezi miwili.

Mimi nilidhani ni wivu tu, nikamwambia. Jibu lake sijalisahau. "Wala sitaki mteseke. Ila zamani mtu akiliona koti langu alijua nimepitia wapi. Leo analiona, anadhani nilipitia alikopita yeye."

Hoja hiyo ina uzito kuliko watu wanavyoipa. Sisi tumeizoea kwa sura yake mbaya, ile ya "sisi tulisoma kwa kibatari", ambayo mkubwa anaitoa kila akisikia shule imepata umeme. Pale mtu anasema: niliumia, kwa hiyo uumie. Mzee hasemi hivyo. Anasema kitu alichokifanya kilikuwa na jina, na jina limepewa kitu kingine. Ugumu kwenye gemu za aina hii si ukuta peke yake, ni lugha. Koti fulani ni sentensi. Ukibadilisha namna ya kulipata umebadilisha maana ya sentensi ambayo watu walikwisha kuitamka zamani, na wao hawawezi kuitamka upya.

Lakini hapo pia kuna jambo la mfukoni, ambalo watu wa "heshima" hawalitaji sana. Gemu ina soko la pamoja. Kitu kilichokuwa adimu kikirahisishwa, bei yake inaporomoka siku ileile, na aliyekinunua jana kwa sarafu milioni mia analia. Ndo maana ule usemi wa vijana kwamba "wewe cheza kigumu chako, mimi nicheze changu laini" haukamiliki. Tunachota kisima kimoja.

Wapo walioamua kujitoa kisimani kabisa. Tangu 2014 kuna aina ya akaunti inayoitwa Ironman: huruhusiwi kununua wala kupewa chochote na mwenzako, kila kitu ukitafute mwenyewe, kuanzia uzi hadi upanga. Mimi nawaheshimu sana. Wametaka ugumu wakajitwisha wao, wakamwacha jirani na wake. Tatizo ni kwamba nao wanapiga kura, na sa'ingine wanapiga kana kwamba sisi sote tumeapa kiapo chao.

Hapo kwenye kujitwisha ndipo ninapotaka kumleta tena mpwa wangu, kwa sababu yeye hakuchagua sehemu kubwa ya ugumu wake.

Ana miaka 22, anauza kava na chaja Kariakoo, na gemu anaichezea kwenye simu. Kabla ya Oktoba 2018 asingeweza. Siku zetu sisi ilikuwa lazima ukae kwenye kafe ya intaneti, ulipe kwa saa, na mwenye kafe akikuona unakimbia kutoka benki hadi madhabahuni anakuuliza kama huna kazi ya kufanya. Simu ilifungua mlango kwa watu wengi wa huku, akaunti ni ileile moja na ulimwengu ni uleule. Isipokuwa simu haikusogeza Dar es Salaam karibu na Uingereza.

Gemu hii inahesabu muda kwa midundo. Kila sekunde 0.6 ni mdundo mmoja. Ukibofya katikati ya mdundo, amri yako inangoja mdundo unaofuata ndipo itekelezwe. Ni mfumo wa kizamani, na kwa mtu aliyezoea gemu za kufyatuliana risasi unaonekana kama ng'ombe anayevuka barabara. Kwetu sisi ni rehema. Ukicheza kwenye seva ya Uingereza kwa bando la simu, ujumbe wako ukienda na kurudi unakula muda, kwangu mimi mara nyingi ni zaidi ya milisekunde 150, na jioni watu wakirudi majumbani wote wakafungua video, ongeza. Kwenye gemu ya risasi hapo umeshakufa na hujui nani kakuua. Kwenye gemu ya midundo bado una nafasi. Uzee wa gemu ndiyo unaotubeba.

Sasa mpeleke mtu huyo kwa TzTok-Jad.

Jad ni jitu la moto lililoingia kwenye gemu Oktoba 2005, na kwa kizazi chetu ndilo lilikuwa jando. Unaingia pangoni peke yako, unapigana na mawimbi 62 ya viumbe, kazi ya saa nzima na zaidi, na wimbi la 63 ndilo lenyewe. Likitaka kukupiga kwa uchawi linainua miguu ya mbele na kubaki limesimama. Likitaka kukupiga kwa mbali linakanyaga chini kwa kishindo. Wewe unatakiwa kuona ni kipi, ubadilishe sala inayokukinga kabla pigo halijafika. Ukikosea mara moja, kwa walio wengi, kazi ya saa nzima imekwisha. Ukishinda unapewa joho la moto, na huwezi kulinunua sokoni wala kupewa na rafiki.

Mpwa wangu alimfikia Jad mara nne. Ya kwanza alikufa kihalali, kwa hofu, vidole vilimganda. Ya pili umeme ulikatika, ruta ya duka ikazimika, simu ilipohamia kwenye bando Jad alikuwa amemaliza kazi. Ya tatu picha iliganda kwa sekunde mbili hivi, ikirudi anaona mwili wake chini. Alinitumia ujumbe wa sauti ambao siwezi kuuandika hapa. Mara ya nne alinunua bando la usiku, akaingia saa nane usiku wakati mtandao umetulia, akashinda.

Mzee alimpongeza kwa dhati. Kisha akasema, "Unaona? Hakuna haja ya kulainisha kitu. Kijana kajifunza."

Kijana hakujifunza kitu kati ya mara ya pili na ya nne. Alijua tangu mara ya pili. Alichofanya ni kutafuta saa ambayo TANESCO, mnara wa simu na waya uliolala chini ya bahari vimekubaliana. Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipokatika kwa pamoja, nchi nzima ilikaa siku kadhaa ikihangaika kufungua ukurasa mmoja. Siku hizo hakukuwa na mchezaji bora wala mbovu, tulikuwa mizoga sote.

Hapo ndipo ubishi wa ugumu unaponichosha. Unazungumzwa kana kwamba ugumu wote umetoka mezani kwa mtunzi na kwamba kazi yetu ni kupiga kura upungue au uongezeke. Upo ambao haujawahi kupigiwa kura na hautapigiwa. Mtu anapolalamika kwamba sehemu fulani ni ngumu mno, sa'ingine hasemi habari za jitu. Anasema habari za mahali alipo. Na anayemjibu "ongeza juhudi" kutoka kilomita chache na seva, wala hana nia mbaya, anajibu swali jingine.

Kwa hiyo ningemlainisha Jad? Hapana. Ikipigwa kura kesho nasema hapana, na mpwa wangu pia anasema hapana, tena kwa sauti kubwa kuliko yangu. Jad anatoa onyo la kutosha. Kuna muda kati ya ishara na pigo, muda ambao hata Mbagala unafika. Mtunzi wake mwaka 2005, kwa kutumia zana za kizamani, alitengeneza kitu kigumu ambacho mtu wa mbali anaweza kukishinda siku mtandao ukiwa na adabu.

Ninachokipigia kelele ni ugumu mpya. Tangu Inferno ya Juni 2017, yenye mawimbi 69, hadi uwanja wa Fortis Colosseum wa Machi 2024, majitu ya kileleni yamezidi kudai kwamba kila mdundo ufanye kitu: ubadilishe sala, ubadilishe silaha, usogee hatua, upige, halafu mdundo unaofuata urudie kwa mpangilio mwingine. Ni mazuri kuyatazama. Nikimtazama bingwa akicheza naona ufundi kama wa mpiga ngoma. Lakini ule mwanya wa rehema uliokuwa ndani ya sekunde 0.6 umejazwa kazi, na anayechelewa kwa theluthi moja ya mdundo kabla hajafanya lolote hana pa kujishikiza. Wanaodai majitu ya namna hiyo yazidi ni wachezaji bora, nao wana sauti kubwa, na ni kawaida gemu ikizeeka kusikiliza zaidi wale walioimaliza.

Kuna jibu moja la watunzi ambalo mimi nililipenda. Agosti 2022 walileta makaburi ya Tombs of Amascut, na badala ya kutuuliza yawe magumu kiasi gani, wakaweka orodha ya masharti. Kabla ya kuingia unachagua: majitu yapige kwa kasi, mitego iongezeke, uponyaji upungue, upendavyo. Kila sharti lina pointi zake, na jumla ikipanda, uwezekano wa kupata zawadi kubwa nao unapanda. Anayetaka kuteseka anateseka kwa faida. Anayejifunza anaingia chini na kutoka na chochote. Mpwa wangu ameingia huko mara nyingi kuliko alivyoingia msikitini mwaka huu, na mama yake, dada yangu, anajua.

Walioipinga walisema imefuta hadithi ya pamoja. Zamani ukisema "nimemaliza", kila mtu alijua nini. Siku hizi anakuuliza, "kwa ngapi?" Kweli. Lakini hata darasa la saba ulikuwa ukisema umefaulu watu wanauliza kwa ngapi, na hakuna aliyeona kwamba shule imepoteza maana.

Sasa turudi kwenye kura yenyewe, maana kuna jambo lake ambalo Wazungu wa kundi la kimataifa tuliloko hawalioni mpaka uwaoneshe. Ili upige kura lazima uwe mwanachama anayelipia. Uanachama ni zaidi ya dola 10 kwa mwezi. Kwa kijana wa kuuza kava hiyo si hela ya kuitoa bila kujikuna kichwa, achilia mbali kwamba kadi yake ya benki inakataa malipo ya nje kila inapojisikia. Ipo njia ya pili: bondi. Mchezaji mwenye pesa ananunua bondi kwa dola, anaiuza sokoni kwa sarafu za gemu, na asiye na pesa anainunua kwa sarafu hizo na kupata siku 14 za uanachama. Siku 14 tu. Bei yake ni mamilioni ya sarafu.

Mpwa wangu anaishi kwa bondi. Kila wiki mbili anaanza na deni. Siku tano au sita za kwanza anaua kitu kilekile, anaokota kilekile, anauza, mpaka bondi inayofuata itimie. Zikibaki siku ndo anacheza. "Anko, mimi nusu ya gemu nasota ili niruhusiwe kucheza gemu," aliniambia, tena anacheka. Kwa hiyo linapokuja pendekezo la kupunguza muda wa kukusanya kitu fulani, mwenzake wa Ulaya analipima kwa heshima, yeye analipima kwa siku. Na kura yake, ile moja, ameilipia kwa jasho ambalo mwenzake hajawahi kulitoa. Siku bondi ikiisha kabla hajakamilisha nyingine, hana kura. Limewahi kumtokea wiki ya kura aliyoitaka sana.

Wako waliobanwa kuliko yeye. Uchumi wa Venezuela ulipoanguka, watu kule waligundua kwamba kuua mazimwi ya kijani siku nzima na kuuza sarafu kwa wanunuzi wa nje kuliwapa pesa kuliko mshahara. Ni kinyume cha kanuni za gemu, na akaunti zao zilifungwa kila siku. Mwaka 2017 mchezaji mmoja aliandika mwongozo hadharani wa namna ya kuwawinda kule nyikani, kwa mzaha uliokuwa mzaha nusu, na watu wakagawanyika: wapo waliosema wanaharibu uchumi wa gemu, wapo waliosema huyo unayemuua amebeba chakula cha mtoto. Mimi nasimama na kundi la pili, ingawa najua vizuri kwamba bei za vitu vyangu zilishuka kwa ajili yao. Lakini angalia kilichokosekana kwenye ubishi ule. Kila mwaka tulipiga kura za kubadilisha nini kinadondoka kutoka kwa mnyama gani na kwa kiasi gani. Kwetu lilikuwa suala la mizania. Kwa mtu wa Maracaibo lilikuwa mshahara kupanda au kushuka. Hakuna karatasi ya kura iliyowahi kuwa na nafasi ya kuandika hilo.

Mzee nilipomwambia haya alikaa kimya, kisha akasema kitu ambacho sikukitarajia kwake: kwamba kama ni hivyo basi asilimia 75 ilikuwa nyingi mno tangu mwanzo. Mwaka 2022 ikashushwa hadi 70, na aliyekuwa akiipinga kwa miaka yote akanyamaza.

Namba hiyo ndogo ndiyo iliyotupatia bahari. Kwa miaka mingi ujuzi wa ubaharia ulikuwa utani wa wachezaji, kitu cha kusema siku ya wajinga. Uliletwa kwenye kura 2015 ukaanguka. Mwingine wa kufuma nguo za kichawi, Warding, ukaanguka 2019. Watu wa kibatari walikuwa wanajua kusema hapana. Mwaka 2023 ubaharia ukarudishwa tena, ukapita ukiwa juu kidogo tu ya asilimia 70. Chini ya sheria ya zamani ungeanguka mara ya pili. Ulitoka Novemba 2025, ujuzi mpya wa kwanza tangu gemu ya zamani ifunguliwe.

Siku ile ilikuwa ya ajabu. Mzee mwenye makoti yote, mimi mwenye matatu, mpwa wangu mwenye moja, sote tulikuwa ngazi ya 1, tumepanda chelezo za magogo, tunagongana bandarini kama madereva wa bodaboda. Hakuna aliyekuwa na hadithi ya zamani. Mtu akiuliza njia, hakuna aliyejibu "enzi zetu". Mganda wetu asiyelala alipotea na chelezo yake saa nzima, akarudi na samaki mmoja, tukamshangilia.

Ilidumu kama siku tatu. Ya nne wakaanza: wengine wanasema pointi zinakuja polepole mno, wengine wanasema waacheni wasote, ndo ujuzi mpya huo. Mimi sasa niko ngazi ya 41. Mpwa wangu yuko 68, amesafiri usiku kwa usiku kwa bando lake, na juzi nilipomwambia kuna watu wanataka njia ya mwanzoni irahisishwe aliruka.

"Hapana, anko! Sasa sisi tuliosafiri kwa magogo tuonekane tumefanya nini?"